Uzi: Faili tayari ni MP3, kwa nini seva iipike upya? Liquidsoap na Icecast kwa wenye redio ndogo

Mawimbi Madogo

Wakuu salaam. Uzi huu ni wa sisi wachache tunaoendesha redio za mtandaoni kwa pesa ya mfukoni. Wengine karibuni mchungulie, hakuna kiingilio.

Redio yangu inapiga taarab, mashairi, mawaidha ya jioni, na kipindi cha mapishi cha dada mmoja ambacho kinasikilizwa kuliko vyote (mimi na taarab yangu nimeshakubali matokeo). Seva ni ya kukodi, kori moja, RAM ya GB 1. Imekuwa ikihema muda mrefu, mimi nikaona ndiyo hali yake.

Siku moja nikavaa hedifoni nzuri ya kuazima nikasikiliza redio yangu mwenyewe. Dada akawa anataja mahitaji: "sukari, siki, samli." Kila S ilitoka kama mtu anasugua chupa kwa mchanga. Nikafungua faili aliyonitumia, nikaenda dakika ileile. S safi kabisa. Kumbe mchanga unaingia kwangu.

Yeye hunitumia MP3 ya kbps 96 (kilobiti 96 kwa kila sekunde ya sauti). Liquidsoap, programu inayopanga vipindi kwenye seva, ilikuwa inaifungua hadi kuwa sampuli mbichi (namba za sauti yenyewe, maelfu kwa sekunde), kisha inazifunga tena kuwa MP3 ya kbps 128 na kuzipeleka Icecast, programu inayowagawia wasikilizaji. Nilijidanganya kwamba 128 ni kubwa kuliko 96, basi hakuna kinachopotea. Kinapotea. Enkoda (programu inayofunga sauti) ya kwanza ilishatupa vile ambavyo sikio halivihitaji sana, na ikaacha kelele ndogondogo ilizozificha chini ya sauti. Enkoda ya pili haijui historia hiyo. Inakuta zile kelele, inadhani ni sehemu ya sauti, inazitunza kwa biti zake, halafu inatupa vingine kwa hesabu yake. Na fremu zake, vile vipande vidogo vinavyounda MP3, hazianzii pale zilipoanzia za mwanzo. Fotokopi ya fotokopi, na karatasi imewekwa upande.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba karibu siku nzima seva haiigusi ile sauti. Haipandishi, haichanganyi, haiongezi chochote. Inafungua kifurushi, inatazama, inakifunga tena vibaya kuliko kilivyokuja.

Wanaotumia Liquidsoap ya zamani, ya 1.x, hawana namna, kila kinachoingia humo lazima kifunguliwe. Toleo la 2.0 lililotoka 2021 ndilo lililoleta njia ya kupitisha sauti ikiwa imefungwa vilevile, kwa msaada wa FFmpeg, programu ya kushughulikia sauti na video. Mimi nilikuwa na 2.x siku zote na sikujua. Skripti yangu sasa imebaki hivi:

```
s = playlist("/redio/tayari")
dharura = single("/redio/dharura.mp3")
s = fallback([s, dharura])

output.icecast(
  %ffmpeg(format="mp3", %audio.copy),
  host="localhost", port=8000, password="",
  mount="/redio.mp3", s)
```

Uchawi wote uko kwenye `%audio.copy`. Maana yake: fremu za MP3 zichukue kama zilivyo, zipange kwa saa, zipeleke. Icecast nayo tangu zamani haifungui chochote, inapokea na kugawa tu, kwa hiyo kuanzia kwenye simu ya dada hadi sikio la msikilizaji sauti inafungwa mara moja tu.

Kori yangu ilikuwa inagota nikiwa na mikondo mitatu. Sasa nikiandika `top`, amri inayoorodhesha programu zinazokula prosesa, Liquidsoap naitafuta kwa kushuka chini ya orodha.

Karibuni tujadili. Kuna ninavyovikosa pia, nitavisema.

kaka_nyaya

Natandika mkeka hapa mbele. Wa nyuma mtanisamehe.

Prodyuza Mstaafu

Mkuu heshima yako, lakini nakupinga. Redio si bomba la maji. Bila krosifedi (wimbo mmoja kufifia huku mwingine ukiingia), bila kompresa (kubana tofauti ya sauti kubwa na ndogo), bila kusawazisha sauti, hiyo si redio, ni folda inayojisoma. Taarab imeisha kwa violini inayofifia, kisha pwaa, tangazo la duka la vifaa vya ujenzi linakupiga kofi la sikio. Unaokoa prosesa unapoteza wasikilizaji. Na seva ya kori mbili siku hizi ni bei ya chipsi mayai.

Mawimbi Madogo

Hiyo chipsi mayai yako inaliwa wapi mkuu, nije.

Hapo kwingine umenena. Sauti ikiwa imefungwa huwezi kuifanyia chochote kinachohitaji kuiona ndani. Krosifedi hakuna, `amplify` hakuna, `compress` hakuna, kuchanganya sauti mbili kwa `add` hakuna, hata kile kifaa cha kugundua ukimya hakifanyi kazi, maana hakijui ukimya ukoje ndani ya kifurushi. Liquidsoap haitakuachia ujaribu. Inakagua aina za vyanzo kabla ya kuanza, inakukatalia mlangoni kwa ujumbe mrefu wa kutisha. Mimi ilinikatalia kwa `mksafe`, nikakaa nayo usiku mzima. `mksafe` huweka ukimya pale chanzo kinapokatika, na ukimya wake ni sampuli mbichi, mbichi haikai mkondo mmoja na iliyofungwa. Ndiyo sababu ya ile `dharura.mp3` hapo juu.

Kinachobaki ni kuchagua na kupanga. Pleilisti, `rotate`, `random`, `fallback`, kubadilisha kipindi kwa saa, vyote vinakubali, maana havigusi sauti, vinachagua nani apite. Jingo kati ya nyimbo linaingia bila shida. Jingo juu ya wimbo unaoendelea, sahau.

Kofi la tangazo nalitibu kabla faili haijaingia kwenye folda.

Mzee wa Kaseti

Vijana, mimi nilikuwa nanakili kanda kwa dabo deki. Kanda mama haitoki kabatini, unamnakilia mtu kutoka kwenye nakala ya kwanza, hapana ya tatu. Ya tatu mvumo wake unaisikia kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Kumbe mambo ni yaleyale.

Swali langu la kizamani: kama faili ni MP3 na Icecast inataka MP3, Liquidsoap ya nini? Si umwage tu faili moja baada ya nyingine?

kaka_nyaya

Shikamoo mzee. Hilo nimelifanya mimi, kwa skripti niliyoandika mwenyewe, na nililia.

Niliwaza hivi: kbps 128 ni baiti 16,000 kwa sekunde. Basi nasoma faili, natuma baiti 16,000, nalala sekunde moja, natuma nyingine. Siku ya kwanza mambo shwari, nikajipongeza kwa soda. Siku ya pili watu wakaanza: redio yako inakata kila wimbo ukianza. Si nyimbo zote, baadhi.

Nikazifungua zile faili kwa programu ya kuonyesha baiti. Mwanzo kabisa kuna herufi ID3, halafu takataka ndefu. Ilikuwa picha ya kava la albamu! Moja ilikuwa na KB 480. Piga hesabu: baiti 480,000 gawa kwa 16,000, sekunde 30. Nusu dakika nzima nilikuwa nawatumia wasikilizaji picha ya mwimbaji kwa kasi ya sauti. Pleya zao zinatafuta mwanzo wa fremu hazioni kitu, bafa (akiba ya sauti ya pleya) inaisha, kimya.

Nikazing'oa picha. Zikabaki faili za VBR, ambazo kasi yake hupanda na kushuka. Wimbo wenye wastani wa kbps 190 ukiutuma kwa baiti 16,000 kwa sekunde, unatuma polepole kuliko unavyochezwa. Kimya tena.

Mzee, ndiyo kazi ya Liquidsoap. Haipimi kwa baiti, inapima kwa muda. Fremu moja ya MP3 ya kawaida ina sampuli 1,152, kwa sampuli 44,100 kwa sekunde ni kama milisekunde 26, iwe nene au nyembamba. Ukihesabu fremu hukosei.

Mzee wa Kaseti

Marahaba. Sekunde 30 za picha kwenye redio. Nimecheka hadi mke wangu kaja kuangalia.

Umm Nasra

Assalaam alaykum. Mimi ni msikilizaji tu, niko Muscat, hayo ya fremu siyajui. Nasikiliza redio hii usiku nikipika. Ijumaa akiingia yule DJ wa moja kwa moja, simu yangu inanyamaza mpaka nifunge programu niifungue tena. Simu ya binti yangu hainyamazi, lakini sauti inakuwa nzito kama ya mtu anayesinzia. Hilo nalo ni hii kopi yenu?

Mawimbi Madogo

Waalaykum salaam dada, na asante kwa kuwa mkweli, wengine huzima tu wakaenda zao.

Ndiyo, ni hii kopi. Zamani Liquidsoap ilikuwa inafungua sauti ya DJ na kuifunga upya, kwa hiyo chochote alicholeta kilitoka kimenyooshwa sawa na vingine. Sasa kinapita kama kilivyo. Faili zangu zote ni sampuli 44,100 kwa sekunde, njia mbili (stereo). Ijumaa iliyopita nilimwomba DJ picha ya mipangilio ya BUTT yake, programu anayorushia matangazo: 48,000. Mkondo ni uleule, ghafla fremu zinasema "sisi ni 48,000". Pleya nzuri inajirekebisha. Nyingine inagoma. Nyingine inaendelea kucheza sampuli 48,000 kwa mwendo wa 44,100, ndiyo hiyo sauti ya kusinzia.

Kasi ya biti haina ugomvi huo. Kila fremu ya MP3 inabeba kichwa chake kinachotaja kasi yake, kwa hiyo kipindi cha 96 kikifuatiwa na wimbo wa 128 pleya haishtuki. Sampuli na idadi ya njia ndivyo vya kulinda kama mboni ya jicho.

DJ nimemwambia abadilishe. Kasema atabadilisha. Ni DJ huyo.

Prodyuza Mstaafu

Hapo ndipo nilipokuwa nakusubiri. Unasema "nalitibu kabla halijaingia kwenye folda". Kutibu ni kufungua, kusawazisha, kufunga upya. Si ni kilekile ulichokikimbia?

Mawimbi Madogo

Umenibana, na haki yako. Faili ya MP3 nikiifungua nyumbani na kuifunga upya, imefungwa mara mbili, sawasawa na ingefanywa na seva. Hapo ninachookoa ni prosesa tu, maana naifanya mara moja badala ya kila ikipigwa. Ubora haurudi.

Kwa hiyo nimezigawa. Zinazokuja WAV au FLAC, ambazo hazijatupa kitu, nazisawazisha na kuzifunga kwa mara ya kwanza na ya mwisho:

```
ffmpeg -i wimbo.wav -map 0:a -af loudnorm=I=-16:TP=-1.5:LRA=11 \
  -ar 44100 -ac 2 -c:a libmp3lame -b:a 128k -write_xing 0 tayari.mp3
```

`-map 0:a` inachukua sauti peke yake, picha ya kaka_nyaya inabaki nje. Na hiyo `-ar 44100` msiiache hata kwa bahati mbaya. `loudnorm` ikifanya kazi kwa mpigo mmoja hupandisha sampuli ndani kwa ndani hadi 192,000, usipoirudisha mwenyewe utaletewa faili za 48,000 na Umm Nasra atanyamaziwa simu katikati ya wiki.

Zinazokuja MP3 zenye 44,100 na njia mbili, kama za dada wa mapishi, sizifungui kabisa. Sauti yake ikiwa ndogo natumia mp3gain. Hii ni programu ya zamani na ni akili tupu. Kila fremu ya MP3 ina namba inayomwambia dikoda (anayefungua sauti) apandishe sauti kiasi gani. mp3gain inabadilisha namba hizo tu, haigusi kingine. Ndiyo maana inakwenda kwa hatua za dB 1.5, huwezi kuomba 1 wala 2. Na unaweza kurudisha ilivyokuwa. Kofi la tangazo limekufa hivyo, mkuu, bila kufunga upya.

Kundi la tatu ni matangazo ya ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Hayo ni Opus, hayapiti popote kwenye mkondo wa MP3, lazima yafungwe upya. Nayafunga, nasamehe.

Prodyuza Mstaafu

Hilo la mp3gain sikulijua. Nakupa nusu pointi.

binti_wa_Makadara

Mimi niko Mombasa, nina redio ya mtaa, wasikilizaji wangu wanalia bando. Nataka mkondo wa pili wa kbps 64. Kwa 128 saa moja inakula MB 57.6, kwa 64 ni MB 28.8, mtu mwenye MB 500 anapata zaidi ya saa 17 badala ya 8 na ushee. Lakini kopi haipunguzi kitu, si ndiyo? Kilichoingia ndicho kinachotoka. Niandae folda mbili?

Mawimbi Madogo

Ndiyo, kopi haipunguzi hata baiti. Folda mbili nilijaribu, zikapishana. Pleilisti mbili zilizochanganywa bila mpangilio hazichezi wimbo mmoja kwa wakati mmoja, msikilizaji akihama mkondo anajikuta kwenye kipindi kingine.

Acha 128 ipite kwa kopi, na kwa ajili ya 64 fungua tawi moja tu: `ffmpeg.decode.audio(s)` inakupa sampuli mbichi kutoka chanzo kilekile, hizo ndizo uzifunge kwa 64. Unalipa enkoda moja. Na ukiwa tayari umeshafungua, tawi hilo hata kompresa ya Prodyuza Mstaafu linakubali.

Upo mtindo wa kinyume pia. Kama wewe unahitaji krosifedi na mbwembwe zote, changanya sauti mbichi kwanza, ifunge mara moja kwa `ffmpeg.encode.audio`, halafu kile kilichofungwa kipeleke kwa kopi Icecast, kwenye HLS (njia nyingine ya kurusha, kwa vipande vidogo vya faili) na kwenye faili la kumbukumbu. Sehemu tatu, enkoda moja. Kwa redio yenye watangazaji wa moja kwa moja mchana kutwa, ningefanya hivyo, wala nisingesumbuka na haya ya kwangu.

Prodyuza Mstaafu

Nusu ya pili hiyo, chukua.

kaka_nyaya

Nyongeza ya pembeni. Kopi ikibadilisha chanzo katikati ya wimbo, mfano DJ anavamia, mnaweza kusikia tiki ndogo sana. Fremu ya MP3 inaruhusiwa kukopa nafasi kwenye fremu zilizotangulia na kuacha sehemu ya data yake huko nyuma. Ukikata katikati, fremu ya kwanza ya DJ inadai data ambayo msikilizaji hajawahi kuipokea, dikoda inairuka. Milisekunde chache. Faili likianzia mwanzo halina deni hilo. Nilitafuta kosa kwenye waya za studio wiki nzima, nikanunua na waya mpya.

Ustadh wa Baraza

Nina maulidi yaliyorekodiwa mfululizo, yamekatwa faili 14. Kwenye redio yangu, kila faili likiisha kuna mpasuko mdogo, kama mtu kapepesa macho. Kwenye simu yangu nikicheza faili hizohizo haupo. Nimetumia kopi kama ulivyoelekeza.

Mawimbi Madogo

Ustadh, faili zimetengenezwa kwa LAME, ile enkoda ya MP3?

Ustadh wa Baraza

Ndiyo.

Mawimbi Madogo

LAME huongeza sampuli 576 za ukimya mwanzoni, dikoda nayo ina uchelewaji wake wa 529, na mwishoni fremu ya mwisho hujazwa ukimya ili itimie. Jumla inaweza kukaribia milisekunde 50 kwenye kila kiungo. LAME huandika kwenye kichwa cha faili ni kiasi gani cha kukata. Simu yako ina faili zima, inasoma maandishi hayo, inakata. Msikilizaji wa redio haletewi hicho kichwa, analetewa fremu, na kopi haiwezi kukata nusu ya fremu.

Una rekodi ya asili? Kama ipo WAV, unganisha zote 14 ziwe moja, kisha ndiyo ufunge MP3. Ukiunganisha hizo MP3 zenyewe ukimya utabaki humohumo.

Ustadh wa Baraza

Ipo kwa aliyerekodi. Nitamfuata baada ya Alasiri.

Umm Nasra

Na DJ wa Ijumaa?

Mawimbi Madogo

Dada, nimeacha kumsubiri. Mlango wake wa kuingilia nimeuwekea tawi lake: sauti yake inafunguliwa, inanyooshwa 44,100, inafungwa, kisha ndiyo inaingia mkondoni. Enkoda inafanya kazi Ijumaa saa 3 hadi saa 5 usiku, siku nyingine imelala. Wiki hii usizime, uniambie.

Umm Nasra

Nimesikiliza mpaka mwisho, simu haikunyamaza. Ila ungemwambia apunguze kuongea juu ya nyimbo.

Ustadh wa Baraza

Nimepata WAV. Faili moja, saa 1 na dakika 52. Nimeipiga usiku wa kuamkia leo saa 9 nikiwa peke yangu, nimesubiri pale penye kiungo cha sita ambapo ndipo palipokuwa pananikera zaidi, katikati ya qaswida. Pamepita. Nikarudisha nyuma nihakikishe, nikakumbuka ni redio.